Kifungu cha Saba: Hakuna Abiria

Watu wakinisikia naishukuru kampuni iliyoninyang'anya gari langu, wananiangalia kama mtu aliyekunywa dawa ya mwenzake. Wanangu ndio wabaya zaidi. Wanasema, mzee, si wewe uliyekuwa ukiitukana kampuni ile asubuhi na jioni, mpaka mama akafunga dirisha majirani wasisikie? Ni mimi. Nilitukana, na nilikuwa na haki ya kutukana. Lakini shukrani ya punda ni mateke, na mimi sitaki kufa nikiwa punda. Basi wacha nieleze.

Kabla ya uhuru, hapa Rumonge alikuwapo bwana mmoja mwenye malori matano, makamyo kama tunavyosema sisi. Baba yake alitoka Ujiji na biashara ya chumvi, yeye akazaliwa hapa, akaingia kwenye mawese na ndagala, vile vidagaa vya ziwani. Baba yangu mimi alivuka kutoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa, akaja kushona nguo. Nikaona cherehani haina safari, nikaomba usukani. Yule bwana akaniuliza kama najua Kurani, nikamsomea. Akaniuliza kama najua kuendesha, nikamwambia nitajua. Akacheka, akanipa kamyo. Mkataba wetu wote ulikuwa huo.

Na ilikuwa kamyo yangu, si kwa karatasi bali kwa desturi. Kila shoferi alikuwa na yake, na hakuna mwingine aliyeigusa. Mimi nilijua gia ya pili inataka kubembelezwa, nilijua freni inashika upande wa kushoto kwanza, na mke wangu alikuwa ameshona pazia dogo la dirisha kwa kitambaa kilichobaki kwa baba. Gari ni kama mswaki, haliazimwi. Nikimkuta mtu amekaa tu kwenye kiti changu, siku hiyo depo nzima ilijua nina sauti.

Abiria tulibeba bila kuuliza. Mama wa sokoni na vikapu vyake, mgonjwa, bibi harusi, maiti anayerudishwa kwao. Kumpita mtu barabarani na nafasi unayo ilikuwa aibu ambayo ingekufuata mpaka msikitini. Siku ya uhuru wenyewe nilibeba nusu ya Rumonge kwenda Bujumbura juu ya mapipa matupu, wanaimba tangu tulipotoka sokoni, na tulipopita Kabezi wengine wakarukia nyuma, mpaka nikawa sioni tena kioo. Tulirudi na mapipa yamebonyea na hakuna aliyenigombeza. Bwana alisema pipa linanyooshwa, uhuru haurudi mara ya pili.

Uhuru haukumaliza mwaka tukaitwa wote depo. Bwana wetu alikuwa amezeeka, miguu imevimba, na wanawe walipenda mji kuliko mawese. Ameungana, tukaambiwa, na Mgiriki mmoja wa Bujumbura mwenye makamyo mengi na mazuri kuliko yetu. Nilisema palepale kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, hapa mmoja ameliwa. Na kweli, kabla mwezi haujaisha milango yetu ya kijani ilikuwa imepakwa bluu ya Mgiriki.

Siku hiyo ndiyo nilimwona karani kwa mara ya kwanza. Kijana mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Alikuwa mtoto wa milima iliyo juu ya Rumonge hii hii, amesomeshwa na Mapadri. Alisimama juu ya pipa akatusomea sheria mpya, vifungo, samahani, vifungu kumi na viwili, kwanza kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili chetu cha huku. Hakutabasamu hata mara moja. Nikamchukia kabla hajafika kifungu cha tatu.

Kamyo ni za kampuni, hakuna shoferi mwenye yake, kila wiki mtabadilishana. Mtu wa kushika kabari ya kuzuia magurudumu mlimani, ambaye kwangu alikuwa mzee mwenye mvi tuliyesafiri naye miaka, hatakiwi tena, shoferi ataenda peke yake. Mapumziko ni Jumapili. Saa ya kuondoka imeandikwa na haibadiliki. Kila shoferi atakuwa na daftari la safari, na kila akisimama ataandika mahali, saa, na sababu ya kusimama. Na kifungu cha saba: hakuna abiria. Awe mama, awe mgonjwa, awe waziri, hakuna abiria.

Sitadanganya, mazuri yalikuwepo. Tulipewa mipira mipya ya magurudumu, tukapewa makoti ya mvua, na mmoja wetu alipovunjika mguu kampuni ilimpeleka hospitali ikamlisha mpaka akatembea. Bwana wetu wa zamani angempa pole na mbuzi. Lakini mimi siku ile nilisikia jambo moja tu, kwamba kesho mtu mwingine atakaa nyuma ya pazia la mke wangu. Nikalichana pazia, nikaenda nalo nyumbani.

Kosa la kwanza la wakubwa wapya lilinifurahisha, Mungu anisamehe. Mawese yakitoka kwenye mashine yanakuwa yamechemka. Sisi tunajua: unajaza pipa, unaacha kizibo wazi, unangoja mpaka yatulie, ndipo unafunga na kupakia. Yakiwa ya moto ni mepesi kama maji, yanapenya popote. Lakini walioandika saa ya kuondoka walikuwa wamezoea kubeba saruji. Sheria ikasema saa tatu asubuhi, mawese yametulia au hayakutulia. Nikasema haya, sheria ni sheria, nikaondoka saa tatu kamili. Nilipofika Kabezi barabara nyuma yangu ilikuwa nyekundu, na akina mama walikuwa wananikimbilia na masufuria, wengine wanakinga chini ya gari lenyewe, wanasema murakoze cane, asante sana, kana kwamba natoa sadaka. Bujumbura nilifika na mapipa nusu nusu. Sijawahi kutii sheria kwa furaha kama siku ile.

Nilirudi Rumonge nikingoja karani atukanwe na wakubwa wake. Kumbe siku ya kwanza tu alikuwa amewaandikia kwamba mawese hayafuati saa ya ukutani, hawakumsikiliza. Sasa akaandika tena, na mara hii walimsikiliza. Kifungu kikarekebishwa, tukapewa saa mbili za kungoja mawese. Na huyo karani, bila kumwambia mtu, akaipanga ratiba yangu ili Ijumaa zile saa mbili ziangukie wakati wa swala. Mwezi mzima nilidhani ni bahati. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba bahati haiji kila Ijumaa.

Lakini hakuwa mtu wa kulegeza. Siku moja nilimkuta mama mkwe wangu Kabezi amekaa kando ya barabara na kuku wawili, anataka kuja kumwona mwanawe. Wewe mwenye mama mkwe niambie, unampitaje? Nikampakia. Tulipofika depo, karani alimpokea kwa adabu zote, akamshika mkono akamshusha, akamwuliza habari za huko atokako, akambebea kuku wake mpaka barabarani. Kisha akarudi ndani akaniandika. Siku tatu bila kazi. Nilimwambia maneno siwezi kuyarudia hapa, akaniacha nimalize, akasema, "Kifungu cha saba iko wazi, kaka. Kama ingekuwa mama yangu mimi, ungeniandika wewe." Mama mkwe alisema miaka kumi kwamba yule kijana ana mikono mizuri na roho ya jiwe.

Sasa daftari. Hapo ndipo penye shina la haya yote.

Mimi sikuwa mjinga wa kuandika, ila nilijua herufi za chuoni tu, za Kiarabu, alizonifundisha maalimu kwa kiboko. Kiswahili changu nilikiandika kwa herufi hizo, barua za baba kwenda Ubwari nilimwandikia mimi. Herufi za Wazungu nilikuwa naziona kama uzio wa miti. Basi nilipopewa daftari nikaandika kama nilivyojua, kutoka kulia kwenda kushoto, mahali, saa, sababu. Wiki ya kwanza nikampa karani. Akalifungua. Akaligeuza. Akaangalia nyuma ya ukurasa, kisha akaniangalia mimi.

Nilikuwa tayari kwa ugomvi, ngumi imekwishakunjwa. Akasema tu nimsomee. Nikasoma, yeye akaandika kwa Kifaransa kwenye karatasi nyingine, akaibandika ndani. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, na iliyofuata, mpaka ikawa desturi yetu: mimi nasoma, yeye anaandika, kalamu yake inakwenda upande wake na kidole changu kinakwenda upande wangu. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima na hakumwambia mtu. Angejulikana, angefukuzwa yeye kabla yangu.

Ikafika habari kutoka Bujumbura kwamba mkaguzi anakuja. Kila shoferi ataandika daftari mbele ya macho yake, kwa herufi zinazosomeka biro, ofisini kwa wakubwa. Atakayeshindwa, usukani basi, atapakia mapipa. Nilikuwa na miezi mitatu. Nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia mama watoto kwamba kazi imekwisha. Sikuwa na aibu ya kubeba pipa, wanaume wazuri wanabeba mapipa. Lakini mtu aliyeshika usukani miaka kumi ukimshusha chini, anakuwa anaangalia kila gari linalopita kama mke aliyemwacha. Sikutaka kuwa huyo. Nililia, na sioni haya kusema.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, karani alinikuta kwenye mchanga nyuma ya depo, mawese yanapoa. Alikaa bila kuangalia suruali yake safi, akanitolea kalamu ya risasi. Akasema saa mbili kwa kila safari, miezi mitatu, zinatosha. Nikamwuliza anapata nini yeye. Akasema amechoka kuandika kazi ya watu wawili.

Basi nikawa mwanafunzi, mtu mzima na ndevu zangu. Watu wa mashine wakapita wakicheka. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Mkono wangu ulitaka kuanza kulia, yeye anaurudisha kushoto, nao unakwenda kulia tena. Siku moja niliandika jina la Rumonge kinyumenyume mara tatu, nikapandwa na hasira, nikaitupa kalamu ziwani, mbali, kwa nguvu zangu zote. Kalamu ya risasi haizami. Mawimbi yakaileta polepole mpaka miguuni pake, akaiokota, akaifuta kwenye shati lile jeupe, akanirudishia.

"Hata ziwa imekataa hasira yako," akasema. "Andika."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka. Nami nikacheka mpaka nikakohoa. Tangu siku ile nikaanza kumwita mwalimu, mwanzoni kwa kumtania, baadaye nikasahau kwamba ni utani. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mwezi wa Ramadhani ulitukuta katikati ya masomo, na yeye Mkristo hakugusa maji mbele yangu hata siku moja, jua la Rumonge unalijua lilivyo.

Alinifundisha maneno ya daftari na ya vifungu tu, kwa Kifaransa, basi. Kuondoka, kufika, kusimama, kuharibika, mzigo, shoferi, ruhusa, abiria. Nilipotaka zaidi alisema zaidi itakuja. Na alinifundisha jambo moja alilolirudia mpaka nikachoka: kwenye daftari usiandike uongo. Ukichelewa kwa sababu ulikunywa chai, andika chai. Daftari ni ushahidi, alisema, na ushahidi wa uongo ni dhambi kwenu na kwetu.

Mkaguzi alikuja, nikaandika mbele yake mistari minne. Herufi zilipanda mlima na kushuka, lakini zilisomeka. Akasema inatosha. Nikabaki na usukani. Nilitoka nje nikamtafuta mwalimu nimpe mkono, nikamkuta anamwandika shoferi mwingine kwa kubeba abiria.

Miaka ikapita hivyo, tukawa watu wa nyumba moja. Alioa, akapata watoto, mke wangu akamshonea mtoto wa kwanza kofia. Kampuni nikaizoea. Nilinung'unika kwa mazoea tu, kama mtu anavyonung'unikia mvua.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili. Yaliyoanzia huku kwetu ufukoni na yaliyofuata baadaye nchi nzima, kila mtu wa Rumonge ana yake moyoni na mimi sitayafungua yote. Nitasema tu kwamba waliuawa watu kwanza huku, halafu ikaja zamu ya kuitwa. Watu waliitwa kwa karatasi. Waliosoma hasa, walimu, makarani, wanafunzi, watu wa milima kama mwalimu wangu. Karatasi ilisema uje mara moja kuulizwa maneno mawili, na aliyekwenda hakurudi. Kwenye karakana yetu ya Bujumbura fundi mmoja aliitwa kwa saa moja, akaacha bakuli lake la maharage juu ya meza, limefunikwa na kitambaa. Kila nilipopita nililiona bakuli pale. Hakuna aliyethubutu kuliondoa.

Mke wa mwalimu na watoto walivuka ziwa siku za mwanzo. Yeye alibaki. Nilimwuliza anangoja nini, akasema depo haiwezi kuachwa bila karani, na yeye hana kosa, na asiye na kosa hakimbii. Nilimwambia ni mpumbavu. Akanikumbusha kwamba daftari langu la jana halina saa ya kufika.

Asubuhi moja, niko Bujumbura tayari kurudi, biro wakanipa karatasi nimpelekee mkuu wa depo ya Rumonge. Aliyenipa alikuwa mgeni, ameletwa badala ya mwingine aliyeitwa. Aliikunja mara mbili tu, bila bahasha. Kwake yeye shoferi wa Rumonge ni mtu wa kushika usukani na kuswali, kusoma anasomewa. Nikaitia ndani ya daftari.

Kabezi kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari, na siku ile walituweka karibu saa nzima. Nilifungua daftari niandike sababu ya kusimama, karatasi ikaanguka mapajani imefunguka. Sikukusudia kusoma. Lakini jina moja lilinirukia machoni, kwa sababu nilikuwa nimeliona chini ya kila ukurasa wa daftari langu miaka tisa. Jina la mwalimu, lile la kwenye sahihi yake. Nikatia kidole, nikaenda polepole kama siku zile za mchangani. Mengi sikuyaelewa. Nilielewa jina, nilielewa kesho asubuhi, nilielewa Bujumbura. Na chini, juu ya muhuri, nikasoma maneno ambayo nilikuwa nayajua kuliko yote: shoferi anapewa ruhusa ya kubeba abiria mmoja.

Nilisoma mara tatu. Miaka tisa kampuni ile haikuruhusu mama mkwe na kuku wawili. Hata mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa tulimwombea ruhusa kwa simu. Sasa ruhusa imetoka yenyewe, ya mtu mmoja, na wa kumbeba ni mimi. Jasho lilinitoka mpaka askari akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema ni malaria.

Rumonge nilifika mchana. Mkuu wa depo alikuwa amekwenda kula. Mwalimu alikuwa mezani kwake na kalamu nyuma ya sikio, anapanga safari yangu ya alasiri, mapipa matupu kwenda mashine za Kigwena. Niliiweka karatasi mbele yake. Aliisoma mara moja, akainyoosha kwa kiganja, na unajua alisema nini? Alisema kama wanamwita lazima aende, karatasi ina muhuri. Watu wakianza kudharau karatasi, alisema, kitabaki nini?

Hapo hasira yangu yote ya tangu uhuru ilipanda. Nilimwambia nimeona bakuli la maharage. Nilimwambia kesho asubuhi ni mimi nitakayemfungulia mlango wa kamyo, mimi ambaye yeye ndiye aliyenipa herufi, na kwa herufi zile zile nimesoma kifo chake, sasa anataka nizifanyie nini? Sikuwa napiga kelele, mkuu angeweza kurudi. Nilikuwa namshika shati, lile shati la vifungo mpaka kooni.

Aliitoa kalamu nyuma ya sikio, akailaza juu ya karatasi. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kifungu cha saba, kaka. Hakuna abiria."

"Leo si abiria," nikamwambia. "Leo wewe iko muzigo."

Alilala kati ya mapipa, nikavuta turubai juu. Kabla ya mashine za Kigwena, pale michikichi ya mawese inapokaribiana na msitu, kuna njia ya wavuvi inayoshuka ziwani, na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa na mtumbwi pale. Bariyeri ilikuwa mbele zaidi, nyuma ya kona. Nilizima injini. Nilishuka nikazungumza na shemeji, nikangoja mpaka njia iwe tupu, ikachukua karibu saa nzima. Mwalimu aliteremka na shati limejaa mawese. Nilitaka kumwambia mambo mengi, miaka tisa ya mambo, na nilichosema ni kwamba awasalimie watu wa baba yangu Ubwari. Yeye aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya daftari la kwanza. Akasema, "Sasa sababu ya kusimama utaandika nini? Usiandike uongo kwa ajili yangu." Kisha akafuata njia na shemeji, hakugeuka.

Nilifika mashineni nimechelewa, msimamizi akagonga muhuri wa saa, ukurasa ukawa wazi mbele yangu. Ningeweza kuandika mpira umepasuka. Nani angejua? Lakini sauti yake ilikuwa bado masikioni. Na kuandika ukweli kwa herufi zake kulikuwa kuua watu watatu, yeye na shemeji na mimi. Nilikaa kwenye usukani nikafikiri. Halafu mkono wangu ukakumbuka ulikotoka. Nikaanza kulia kwenda kushoto, kwa herufi za maalimu wa chuoni, safi, bila kupanda wala kushuka: nimesimama kumshusha mwalimu wangu.

Karatasi nilimpa mkuu wa depo jioni, nimeikunja mara mbili kama nilivyopewa. Karani akatafutwa, hakuonekana. Niliulizwa, na mimi shoferi wa maneno ya daftari tu nilijua nini? Wiki iliyofuata karani mpya alifungua daftari langu, akaligeuza, akaangalia nyuma ya ukurasa. Akasema nimeharibu daftari la kampuni kwa maandishi yasiyosomeka. Nikashushwa usukani miezi miwili, nikapakia mapipa, kitu kile kile nilichokililia kwenye mkeka. Nilipakia nikiimba. Wenzangu walidhani jua limenipiga.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini naishukuru kampuni ile, sijui niseme vipi zaidi. Bila kuungana kule, asingekuja karani. Bila daftari, nisingejua herufi. Bila kifungu kile kilichonikatalia hata mama mkwe, ile ruhusa ningeiona ni kitu cha kawaida, na kesho yake asubuhi ningefungua mlango na kumkaribisha.

Nilikuwa bado kwenye mapipa siku shemeji alipokuja na samaki amefungwa kwenye karatasi, akasema huyo ni wako, umtoe kwenye karatasi mwenyewe. Nyumbani niliikunjua. Ilikuwa imeloa, na ndani yake kulikuwa na mistari miwili, maandishi ya mtoto wa chuo, herufi moja kubwa na nyingine ndogo, nukta zimewekwa mahali zisipostahili. Zilianzia kulia. Yule mtu, mwaka mzima ule nilipokuwa namsomea na kidole changu kinatembea kwenye ukurasa, kumbe alikuwa anajifunza. Mke wangu aliniona nimekaa chini na samaki mkononi, akauliza kimeandikwa nini, nikamsomea.

Mahali: Ubwari. Sababu ya kusimama: nimefika.